Yule "legendi" wenu kaniua leo, halafu kaniambia NITULIE!!!

Mleta uzi:
Wakuu, naandika hedifoni zikiwa bado shingoni. Simtaji huyo DJ, mnamjua. Yule wa miwani ya jua gizani, anayeinua mikono juu kabla hajagusa hata kitufe.

Namwachia meza, ngoma yangu inakimbia BPM 138 (mapigo kwa dakika), ufunguo 8A kwa namba zetu ma-DJ, yaani A maina. Dramu zimekata, imebaki besi na kinanda, watu wamefumba macho. Bwana mkubwa anachomeka ngoma yake ya 130, anaivuta kwa pichi, ile slaidi ya kasi, hadi 138, na Master Tempo, ile ya kuzuia ufunguo usihame, KAZIMA. Hesabu ya chekechea jamani: hapo umepandisha asilimia 6 na ushee, na asilimia 6 ni nusu toni nzima. Ile 8A yake imeshakuwa 3A, yaani B flati maina! Namnong'oneza, "Kaka, besi zitagombana." Ananipigapiga begani: "Mdogo wangu, zote 8A. Tulia."

TULIA!

Akafungua besi zote mbili. Spika zikaanza kutapika. Jino langu la nyuma limelegea, mbwa wa jirani wamehama na vyombo vyao. Na mkono wake bado uko begani kwangu. Eti nitulie!

Povu_Halali:
Punguza povu mkuu. Watu walicheza au hawakucheza?

Mleta uzi:
Walikuwa wanakimbia. Wewe ukaona wanacheza.

Hertzi55:
Kisayansi mleta uzi hajadanganya. A ya chini ni hertzi 55, B flati inayofuata ni 58 na kidogo. Ukizipiga pamoja sauti inapanda na kushuka kama mara tatu kwa sekunde. Ndiyo hayo matapishi.

Mleta uzi:
Asante msomi. Sasa nielezee na "tulia" kisayansi.

Mzee_wa_Sahani:
Vijana mnachosha. Sisi tulikuwa na mashine za sahani, Technics 1200, pichi asilimia 8 juu, 8 chini, na masikio mawili. Leo mtu anatazama 8A, 9A kama mgonjwa anayesubiri namba yake iitwe.

Kata_Lo:
Mzee shikamoo, ila kwenye sahani kila ukigusa pichi na ufunguo unahama. Besi mlikuwa mnazigonganisha vilevile, mkasema ndiyo ladha.

Mzee_wa_Sahani:
Marahaba. Na ilikuwa ladha kweli.

Kata_Lo:
Mleta uzi, ufunguo siyo kesi. Techno nusu yake ni dramu na kelele za mashine, ukichanganya 8A na 3A hakuna atakayejua. Kosa ni kuacha besi mbili wazi. Angekata Lo, yaani besi, ya ngoma moja, ungekuwa umelala saa hizi.

Mleta uzi:
ALINIAMBIA NITULIE.

Povu_Halali:
Na hujatulia 😂😂

Gridi_Imepinda:
Afadhali wako anajua pichi iko wapi. Nilipanga zamu na mmoja wa kubonyeza SYNC tu, mashine imlinganishie kasi. Gridi ya ngoma yake, ile mistari ya mapigo, imekaa nusu biti pembeni, skrini inasema 135 kwa 135, dramu zinakimbizana kama farasi. Namwambia sikiliza, ananionyesha skrini!

Kata_Lo:
Hao wa skrini wana nafuu. Kuna wale wa taa nyekundu. Mita ya sauti imejaa nyekundu tangu ngoma ya kwanza, ukipokea meza huna pa kupandia, ukishusha geini watu wanadhani umeme umepungua.

Mzee_wa_Sahani:
Na wanaoweka glasi ya kinywaji juu ya mikisa?

Gridi_Imepinda:
Usiniguse hapo mzee. Mikisa yangu chaneli ya pili haishuki hadi leo, faderi, kile kitelezi cha sauti, imeganda na sukari.

Mleta uzi:
Wakuu turudi kwenye mada, mkono ulikuwa BEGANI kwangu

Kata_Lo:
@Gridi_Imepinda pole sana. Ulijaribu kuifungua ukaisafisha na spirit?

Gridi_Imepinda:
Nimeifungua, imebaki skrubu moja sijui ya wapi.