Mjadala: Je, Cathy anaivunja hoja ya East of Eden?

Mleta mada: Riwaya hii ya John Steinbeck (1952) inafuata koo mbili, Trask na Hamilton, katika bonde la Salinas, California, na inashikilia kwamba binadamu ana hiari ya kuushinda uovu. Lakini sura ya 8 inatuletea Cathy Ames, zimwi tangu tumboni. Anawateketeza wazazi wake kwa moto, anampiga risasi mumewe Adam, anawatelekeza mapacha wachanga, kisha anamtilia Faye sumu ili arithi danguro lake. Aliyezaliwa hivyo ana hiari gani? Nasema mwandishi kajipinga.

Jibu la 1: Mkuu, soma na sura ya 17. Msimulizi analirudia neno lake kuhusu Cathy na kukiri kwamba sasa analitilia shaka. Ukiinukuu sura ya 8 peke yake, umemhukumu Cathy kwa ushahidi ambao shahidi mwenyewe kautikisa.

Jibu la 2: Kabla ya Cathy, tuikague hiari yenyewe. Katika sura ya 24, Lee, mtumishi Mchina wa Adam, anaeleza jinsi wazee wa Kichina walivyojifunza Kiebrania miaka miwili kwa ajili ya Mwanzo 4:7, pale Mungu anapomwambia Kaini kuhusu dhambi. Biblia ya Kiingereza ya King James inamwahidi Kaini kwamba ataitawala. Tafsiri nyingine ya Kiingereza, American Standard ya 1901, inamwamuru aitawale. Wazee wakapata *timshel*, "waweza". Sasa, Kiebrania chenyewe kinasoma *timshol*, na umbo hilo la kitenzi hubeba ahadi, amri au ruhusa kufuatana na muktadha. "Waweza" ni tafsiri mojawapo tu. Union Version yetu imechagua wajibu: "walakini yapasa uishinde." Kwa hiyo Lee anabishana na Biblia ya Kiswahili pia, na hilo linastahili kusomwa polepole.

Mleta mada: Sarufi nakubali. Ila shaka ya sura ya 17 haifuti matendo.

Jibu la 1: Haifuti, ndiyo maana kipimo ni Cal, mmoja wa wale mapacha wa Cathy. Anamletea Adam dola 15,000 za faida ya maharage wakati wa vita; Adam, ambaye kazi yake ni kuwaandikisha vijana jeshini, anazikataa. Kwa hasira Cal anampeleka pacha wake Aron akamwone mama yao danguroni. Aron anakimbilia jeshini na kufa. Cal anaamini amerithi damu ya Cathy, lakini Cathy hajutii popote kama Cal anavyojuta. Damu ni ileile. Tofauti imetoka wapi?

Mleta mada: Basi Adam naye ajibu. Neno *timshel* analitamka akiwa kitandani, amepooza, baada ya Lee kumsihi ambariki Cal. Huo ni msamaha, au ni mzigo mwingine juu ya mtoto aliyekwisha elemewa?