Istanbul: kuvuka Bosphorus kila siku pamoja na mzee bila kukwama kwenye foleni

Swali

Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nitakwenda Istanbul pamoja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kupanda ngazi nyingi. Tutafikia Kadıköy, upande wa Asia, ilhali shughuli zetu nyingi zitakuwa Sultanahmet na Taksim, upande wa Ulaya. Wapo wanaotushauri tukodi teksi kila siku, na wapo wanaosema kwamba foleni za kwenye madaraja ya Bosphorus, mlango-bahari unaotenganisha pande hizo mbili, huweza kumaliza asubuhi nzima. Naomba wenye uzoefu wanieleze njia ya usafiri wa umma ambayo mzee anaweza kuimudu, pamoja na namna ya kufika Kadıköy kutoka uwanja wa ndege tukiwa na mizigo.

Jibu la kwanza

Karibu ndugu. Kwa safari za kuvuka, teksi iache kabisa, hasa asubuhi na jioni watu wanapokwenda kazini na kurudi. Tumieni vivuko. Kutoka Kadıköy kuna vivuko vya kwenda Eminönü, Karaköy na Beşiktaş, na safari ya Eminönü huchukua kama dakika 20 hivi, mama akiwa ameketi na hewa safi ikimpiga. Mkishuka Eminönü, pandeni tramu ya T1 inayoelekea Bağcılar. Sultanahmet ni kituo cha tatu baada ya Sirkeci na Gülhane. Siku ya Taksim, shukeni Karaköy, mpande T1 hiyo hiyo kuelekea Kabataş, na kutoka hapo kuna kitreni kinachovutwa kwa kamba, F1, ambacho kinapanda kilima chote hadi Taksim, kwa hiyo mlima ule hamtautembea kwa miguu.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa ajili ya mama: kivuko kinapofika gatini, wenyeji huanza kushuka kwa haraka mara tu mbao za kupitia zinapowekwa. Msiwafuate. Subirini kamba zifungwe na umati upite, kwa maana hapo ndipo chombo kinapotulia na mzee anaweza kukanyaga bila wasiwasi. Wakati wa kurudi, someni kwa makini kibao cha gati, kwa sababu Eminönü ina magati kadhaa na kila moja lina mwelekeo wake.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu vivuko, ila msitegemee njia moja tu. Upepo wa kusini, ambao wenyeji wanauita lodos, unapovuma kwa nguvu, safari za vivuko husitishwa, na usiku navyo huacha kazi mapema kuliko treni. Kwa hali hizo ipo Marmaray, treni iliyofunguliwa mwaka 2013, ambayo inapita chini ya bahari, takriban mita 60 kutoka juu ya maji pale penye kina kirefu zaidi. Kutoka Kadıköy pandeni metro ya M4 kituo kimoja tu hadi Ayrılık Çeşmesi, mbadilishe hapo. Kinachofuata ni Üsküdar, kisha Sirkeci. Kwa kuwa kituo cha Sirkeci kiko chini sana na ngazi zake za umeme ni ndefu mno, tafuteni lifti tangu mnaposhuka kwenye treni, hata kama itawalazimu kuzunguka kidogo.

Jibu la tatu

Kuhusu uwanja wa ndege, inategemea mnatua wapi. Mkitua Sabiha Gökçen, M4 inafika hapo tangu mwaka 2022 na itawapeleka moja kwa moja hadi Kadıköy. Mkitua ule mkubwa wa upande wa Ulaya, metro ya M11 ipo, lakini itabidi mbadilishe Gayrettepe, Yenikapı na Ayrılık Çeşmesi, jambo ambalo kwa mzee mwenye magoti mabaya na masanduku mimi nisingelipendekeza. Pandeni basi la uwanja wa ndege linalokwenda Kadıköy, hata kama litakutana na foleni.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, kadi moja ya nauli inatutosha sote wawili?

Jibu la tatu

Inawezekana kuigusisha mara mbili, lakini nawashauri kila mmoja awe na İstanbulkart yake, ili wote wawili mpate punguzo la kubadilisha chombo. Aidha, Marmaray hukata nauli ya safari ndefu kabisa mnapoingia, kisha hurudisha ziada kulingana na mlikoshuka. Hairudishi yenyewe: kabla ya kutoka kituoni, tafuteni mashine ndogo zenye neno «iade» mgusishe kadi zenu hapo. Watu wengi huzipita bila kuziona, kwa hiyo mwelekezeni na mama mapema.