Ukoo wa Majengo: Kemo ya Shangazi

JUMATANO

[06:52] Rukia: Asalaam aleikum nyote. Jana nilitoka kliniki jioni nimechoka, ndiyo maana sikuandika. Someni mpaka mwisho tafadhali, si mtu asome mstari mmoja aweke dole gumba.

[06:55] Rukia: Majibu ya sampuli ya Shangazi Mwanajuma yametoka. Ni saratani ya kifuko cha nyongo na imeshaingia kwenye ini. Upasuaji haufai tena. Daktari anapendekeza kemo ya dawa mbili kwa pamoja, jemsitabini na sisplatini.

[06:58] Rukia: Ile stenti, kijibomba cha kwenye mrija wa nyongo, imefungua njia alhamdulillah. Macho yanarudi weupe na usiku hajikuni kama mwanzo. Manjano yakishuka vya kutosha na figo zikionekana sawa, anaanza Jumanne. Nataka neno la kila mtu kufikia Ijumaa.

[07:44] Rukia: Naona alama za buluu tu. Mko hai?

[08:15] Kassim: Tuko hai dada. Wengine tumekwama Jogoo Road toka alfajiri

[08:16] Zaina: 😂😂

[08:20] Ami Bakari: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

[08:21] Mama Zaina: NANI AMEFARIKI???

[08:21] Mama Zaina: Jamani semeni niko sokoni Gikomba miguu inatetemeka

[08:23] Kassim: Hakuna aliyekufa Mama. Ami amesema kwa ajili ya ule ugonjwa

[08:24] Mama Zaina: Bakari utaniua wewe

[08:24] Zaina: 🙆🏾‍♀️

[08:31] Rukia: Tumemaliza? Swali liko pale juu.

[08:50] Ami Bakari: Mimi nauliza. Dawa mbili kwa mtu wa umri ule za nini? Moja haitoshi? Mnataka dawa iutangulie ugonjwa kumuua.

[08:52] Rukia: Halima ukitoka zamu mjibu Ami.

[11:37] Halima (nesi): Samahani nilikuwa wodini. Ami, shikamoo. Swali lako ndilo lililofanyiwa jaribio huko Uingereza, linaitwa ABC-02, matokeo yalitoka 2010. Wagonjwa 410 wa saratani za mirija na kifuko cha nyongo, wote ugonjwa haukatiki tena kwa kisu. Wakagawanywa kwa kura: hawa wapewe jemsitabini peke yake, hawa jemsitabini na sisplatini.

[11:39] Halima (nesi): Wa dawa moja, nusu yao walivuka miezi 8.1. Wa dawa mbili, nusu walivuka 11.7. Tangu hapo ndizo dawa za kuanzia karibu kila mahali. Daktari hakubuni.

[11:45] Ami Bakari: Miezi mitatu na nusu! Ndiyo tunachomewa sindano?

[11:48] Halima (nesi): Ami, ile 11.7 ni ya katikati. Kuna waliopita mbali na kuna wasiofika. Tusimwekee Shangazi tarehe kama ile inayopigwa kwenye pakiti ya maziwa.

[11:52] Halima (nesi): Na hizi dawa hazifanani kazi. Jemsitabini inajifanya tofali zuri, seli ikijijengea nakala yake inakwama nalo. Sisplatini inashikanisha nyuzi za ndani za seli zisiachane. Seli iliyoponyoka huku inaweza kunaswa kule. Madhara yapo, sitaficha: kichefuchefu, seli nyeupe kushuka, na sisplatini inaumiza figo, ndiyo maana anapewa dripu ya maji kabla na baada.

[12:10] Mama Zaina: Kuna mzee Kariokor ana mizizi ya ini. Mke wa Shaabani alikunywa akanenepa

[12:12] Halima (nesi): Mama nakuomba. Wakati wa kemo asipewe mzizi wowote bila daktari kujua. Ini na figo ndizo tunazozilinda.

[12:13] Kassim: Mama Zaina anywe yeye, sisi tuangalie kama atanenepa zaidi ya hapo 😅

[12:13] Mama Zaina: Kassim utakula wapi Idi mwaka huu

[12:14] Kassim: Nimetubu

[12:40] Rukia: Pesa. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa kemo hadi kiwango cha kaya kwa mwaka, lakini teksi, vipimo vya damu vya haraka na dawa za kuzuia kutapika vikikosekana pale ni juu yetu. Dawa inatolewa siku ya 1 na ya 8, kisha wiki ya kupumzika, halafu duru nyingine, hadi duru 8. Ni kama nusu mwaka. Napendekeza elfu tatu kila nyumba kila mwezi. Nitashika mimi.

[12:58] Ami Bakari: Utashika wewe. Sawa. Hesabu ya maziko ya Kaka ilisomwa lini?

[13:01] Rukia: Ami hilo tulishaongea.

[13:02] Ami Bakari: Mliongea nyinyi. Mimi niliambiwa turubai limelipwa, kisha mwenye turubai akaja mlangoni kwangu.

[13:06] Rukia: Na ya Kitengela nani alitia sahihi?

[13:07] Ami Bakari: Ujumbe huu umefutwa

[13:07] Zaina: Jamani

[13:30] Rukia: Basi ashike Halima. Mimi nataka Shangazi apate dawa, simtafuti mtu.

[14:22] Salim (Leicester): Salaam, ndiyo nimeamka kutoka zamu ya usiku. Huku wanaongeza dawa ya tatu ya kuamsha kinga ya mwili, durvalumabu. Kwa nini asipewe?

[14:40] Halima (nesi): Kaka Salim, ni kweli. Jaribio la TOPAZ-1, 2022, wagonjwa 685. Ya katikati ilitoka miezi 11.5 ikawa 12.8. Kilichonigusa mimi ni miaka miwili: waliokuwa hai ni kama 25 katika kila 100, kwa wasioipata kama 10. Tumuulize daktari, ila bei yake ni kali. Tukiianza kwa harambee halafu tukaishiwa katikati tutajilaumu.

[14:43] Halima (nesi): Wala si kila ya tatu inasaidia. Marekani walijaribu kuongeza dawa nyingine ya kemo, paklitakseli, kwenye hizi mbili, watu 441, maisha hayakurefuka kwa maana, damu ndiyo ikaharibika zaidi.

[14:50] Salim (Leicester): Nimeelewa. Ulizeni bei, nitaongea na wenzangu huku.

[14:51] Rukia: Ulizia wenzako kabla ya Ijumaa.

[14:58] Halima (nesi): Jambo moja kubwa. Waliokubaliwa kwenye majaribio hayo walikuwa bado wanajiweza. Zuhura, Mama anaendeleaje? Anaoga mwenyewe?

[15:10] Rukia: Zuhura?

[17:26] Rukia: @Zuhura ni mama yako tunayemzungumzia.

ALHAMISI

[05:48] Zuhura: Nimesoma zote. Anaoga mwenyewe. Jana amekanda unga wa mahamri, akakaa chini katikati ya kazi, akaendelea akiwa amekaa. Hakutaka nimpokee.

[05:50] Zuhura: Mnajua tulikubaliana aambiwe ni mawe ya nyongo. Jana ameniuliza mbona mawe yanafanya Salim apige simu kutoka Uingereza.

[06:30] Mama Zaina: Ya Rabi

[06:41] Rukia: Tutamwambia akishaanza, akiwa na nguvu. Sasa hivi tusimvunje moyo. Karatasi ya ridhaa nitaisoma naye mimi, polepole.

[07:05] Babu Athumani: 🎤 2:41

[07:20] Kassim: Kwa walio kazini naandika alivyosema Babu, sijaongeza neno:

"Nimesomewa yote. Bakari, umesema miezi mitatu na nusu kama mtu anayerudisha chenji. Mama yenu mkubwa alikaa miezi miwili baada ya kuambiwa, na katika hiyo alisameheana na dada yake wasiosemezana tangu tukiwa vijana. Usiidharau miezi. Na wewe Rukia, umefanya kazi, Mungu akulipe. Lakini hatumwekei mtu sumu kwenye mshipa tukimwambia ni mawe. Mwanajuma nimemlea mimi. Aambiwe jina la ugonjwa, aambiwe dawa na taabu yake, kisha aseme mwenyewe anataka au hataki. Akikataa, mtu asimsukume. Nitakuja Jumapili baada ya alasiri, nimwambie mimi."

[07:22] Mama Zaina: Sawa Baba

[07:22] Zaina: Sawa Babu

[07:31] Salim (Leicester): Babu amesema.

[07:58] Ami Bakari: Nimesikia Ami. Nisamehewe.

[08:10] Rukia: Sawa Babu. Ila Jumatatu ndiyo vipimo vya damu na Jumanne ndiyo nafasi. Akiambiwa Jumapili jioni hatapata muda wa kufikiri vizuri. Haiwezekani Ijumaa?

[08:44] Kassim: Babu amezima simu, yuko kwa daktari wa macho

[09:02] Halima (nesi): Rukia, nafasi ikisogea wiki moja si mwisho. Bora aingie anajua. Nitapiga kliniki niulize.

[09:03] Halima (nesi): Na wote andikeni: akianza kemo, homa ya 38 ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Hakuna Panadol na kusubiri asubuhi.

[09:15] Rukia: Nani atamleta Babu kutoka Kayole Jumapili?

[09:40] Rukia: Kassim?

[12:18] Kassim: Gari la rafiki yangu liko gereji. Nitaangalia

[12:20] Ami Bakari: Nitamleta mimi.

[12:21] Rukia: Asante Ami. Na ile elfu tatu? Mpaka sasa aliyetuma ni Zaina peke yake.

[16:05] Mama Zaina: Ndiyo naona sasa. Jumapili tupike nini?