Tupeane uzoefu: umewahi kusimama kumsaidia usiyemjua, gari limemgomea njiani?

Msafiri wa Kusini

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikipita njia ya Dar–Mbeya nakutana na picha hiyohiyo. Gari dogo pembeni, boneti juu, mtu kashika simu anazunguka kutafuta mtandao, na sisi wengine tunampita kama hatujamwona. Uzi wa kuharibikiwa gari tunao tayari, kila mtu kaelezea mikosi yake. Huu ni wa waliosimama. Ulisimama kwa nani, wapi, ulifanya nini, ikaishaje? Hata kama iliisha vibaya, lete.

Naanza mimi. Mlima Kitonga, Iringa, mchana, jua la kukausha mate. Anayeifahamu anajua: mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza huku yanatoa moshi. Sehemu kubwa haina pa kuegesha, ukiharibikiwa umeharibikia barabarani. Nikakuta Noah imechemsha, imejaa watu wanaotoka msibani. Dereva, kijana mdogo, kashika tambara na mkono wake uko kwenye kifuniko cha rejeta, ile ya maji ya kupoza injini.

Nikapiga kelele kabla hata sijazima gari. Maji ya rejeta iliyochemka yamebanwa, ukifungua kifuniko yanakurukia usoni, na ni moto kuliko maji ya chai. Akaacha. Kwanza nikamtuma utingo wangu arudi chini ya kona na tawi, apungie wanaopanda. Akina mama na watoto tukawatoa ndani ya gari, wakakaa ukutani kwenye mwamba. Halafu tukangoja. Hapo ndipo pagumu, maana kila anayepita anataka mmwage maji baridi juu ya injini "ipoe haraka". Ukifanya hivyo hedi ya injini inaweza kupasuka, na safari imeishia hapo.

Ilipopoa tukaona tatizo: hozi ya juu imechanika pale inapobanwa na klipu. Ilikuwa na urefu wa kutosha, nikakata kile kipande kilichochanika kwa kisu, nikairudisha, tukakaza. Maji ya kunywa ya abiria yote yakaingia kwenye rejeta, kidogokidogo, injini ikiwa inaunguruma. Nikamwambia afungue hita ya ndani mpaka mwisho, avumilie joto, kwa sababu hita inaondoa moto kwenye injini. Alinipigia akiwa Ilula, mzima. Hela nilikataa. Bibi mmoja hakukubali, akanitilia kwenye gari nusu ya vitunguu alivyonunua Ruaha Mbuyuni.

Karibuni.

Utingo Mstaafu

Mkuu hapo kwenye maji baridi umesema kweli, nimeshaona injini ya Scania ikifa kwa ndoo moja.

Yangu ni fupi. Manyoni, jioni. Fuso imebeba alizeti, tairi la nyuma kushoto limepasuka. Dereva na utingo wake wanapanda juu ya spana kwa zamu, wameweka na bomba la chuma kuongeza urefu, bomba limeanza kupinda. Nati haitikisiki. Walikuwa wameshaamua kwamba fundi wa mwisho alizikaza kwa mashine na wanatafuta mtu wa kuja kukata.

Nikachutama, nikafuta vumbi kwenye ncha ya bolti. Pana herufi L, yaani "left", kushoto. Nikamwambia yule dereva, "Baba, unaikaza." Fuso nyingi za zamani za Kijapani, tairi za kushoto nati zake zinafunguka kinyume na ulivyozoea. Akageuza spana upande wa pili, nati ikalia kwiii, ikaachia. Wakabaki wanatazamana. Lakini si Fuso zote, na malori mapya mengi nati ni za kawaida pande zote. Soma herufi kwanza.

Kijana wa Chalinze

😂😂 "Baba, unaikaza." Mimi hapo ningekufa kwa aibu.

Mama Pacha

Nitasema ambalo wengi hamtalipenda. Usiku sisimami.

Naendesha mwenyewe, mara nyingi na wanangu nyuma. Mwaka juzi, kiza kimeshaingia, nimeshapita Korogwe naelekea Segera, mwanamke kasimama barabarani anapunga kanga, mkononi kama kabeba mtoto. Gari nyuma yake halina taa. Moyo uliniuma. Nikapunguza mwendo, nikawasha taa kubwa nione vizuri, nikasoma namba ya nguzo ya kilomita, nikapita. Mbele kulikuwa na askari wa barabarani. Nikawaeleza: gari aina gani, rangi gani, nguzo namba ngapi, kuna mama na mtoto. Wawili wakapanda pikipiki wakaenda. Sikujua iliishaje, na sikuona sababu ya kukaa kungoja.

Mchana ni habari nyingine. Mchana nasimama, kioo nakishusha kidogo tu, nauliza: "Nikuitie nani?" Mara nyingi mtu hataki spana yako. Anataka umpigie mumewe au fundi wake kwa sababu simu yake imezima.

Kijana wa Chalinze

Dada Mama Pacha, samahani, lakini huo si msaada. Kama yule mama alikuwa na mtoto mgonjwa je?

Mama Pacha

Na kama nyuma ya lile gari walikuwa wamelala vijana watatu na mapanga je? Wewe una kifua, ukisimama ni shujaa. Mimi nikisimama, kesho watu hawahawa wanauliza "alikuwa anafanya nini njiani saa zile?" Nimepeleka taarifa kwa watu wenye pikipiki na bunduki. Sioni msaada mkubwa kuliko huo.

Utingo Mstaafu

Namuunga mkono dada. Siku hizi hata sisi wa malori usiku tunasimama kwa anayefahamika tu, au mahali penye watu. Ukikuta gogo barabarani usishuke kulitoa, rudi nyuma. Haya hayakutungwa, watu wamepigwa kweli.

Dereva wa Kosta

Mikumi sasa. Barabara kuu inakatiza hifadhini kilomita kama 50, na humo hakuna cha kushuka kukagua injini, wenyeji wa pale hawajui kwamba umepata hitilafu.

Saa kumi na mbili hivi jioni, nina abiria, nakuta gari dogo aina ya IST limezima. Mume na mke, vioo juu, jasho linawatoka. Upande wa kulia tembo wanakula, umbali ambao huhitaji darubini. Nikasogea pembeni yao, nikaiweka Kosta kati yao na tembo, milango ikatazamana. Nikamuuliza kupitia dirishani: ukizungusha ufunguo inafanyaje? Kimya kabisa, hata taa za dashibodi hakuna. Hapo nikahisi kichwa cha betri, pale waya unapobanwa, lakini kufungua boneti pale nikasema hapana, kwanza tutoke.

Kondakta akafunga kamba haraka, abiria wote madirishani wanaangalia wanyama kwa niaba yake. Sasa sikilizeni, maana watu wanaumizana kwenye kuvutana:

Gari lililozimwa breki yake inakuwa ngumu kama jiwe na usukani mzito. Nilimwambia: ukikanyaga mara ya pili utadhani umekanyaga ukuta, usiogope, kanyaga kwa nguvu zote. Ufunguo usiutoe, usukani utajifunga kwenye kona. Gia weka N. Kamba iwe imenyooka muda wote, ikilegea ukaja kwa kasi utanigonga. Nikiwasha indiketa ya kushoto maana yake nasimama. Na kwa kuwa ni otomatiki, twende polepole na tusiende mbali, gia boksi yake haipendi kuburutwa.

Tulipotoka tu hifadhini, mahali penye taa, kondakta akafungua boneti. Kichwa cha hasi kimelegea, kina ule unga mweupe. Akakikwangua, akakaza kwa spana namba 10. Gari likawaka. Yule mama alicheka mpaka akalia. Abiria wangu mmoja alikuwa ananung'unika tunachelewa kufika Moro. Wenzake ndio walimnyamazisha, sikuwa na haja ya kumjibu.

Msafiri wa Kusini

Kondakta wako apewe maua yake.

Shemeji Tairi

Niongeze neno moja kabla hatujasifiana sana. Kuna gari moja ambalo msaada wako ni kukaa mbali nalo: lori la mafuta lililopinduka. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikimbilia kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Ukikuta hali hiyo, simama mbali sana, zima gari, zuia wanaokuja nyuma yako, piga 112. Usisogee "kumwangalia dereva" wakati petroli inatiririka. Na anayekupita na ndoo mwambie ukweli, hata akikutukana.

Mswahili wa Voi

Hamjambo wenzangu wa upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu barabara ya Mombasa–Nairobi, kati ya Voi na Mtito Andei, ukikwama usiku ni wewe na wanyama wa mbuga ya Tsavo.

Nilimkuta jamaa ana Noah kama yangu, tairi limekwisha kabisa, spea yake nayo haina upepo. Ana haraka, anasema anapeleka mtoto shule ya bweni, na kweli mtoto alikuwepo na sanduku lake. Tukapima: nati tano kwa tano, saizi ileile. Nikampa spea yangu. Tukapatana aiache kwenye kituo cha mafuta Mtito, mimi nikirudi niichukue. Akanipa namba ya simu, nikaipiga palepale, ikaita kwake.

Nikarudi siku niliyosema. Kituoni hawajui lolote. Simu inaita, haishikwi. Baadaye haipatikani.

Mke wangu mpaka leo nikitaja kwenda safari anauliza, "Spea uko nayo, ama umeiweka Mtito?" Na bado nasimama. Maji natoa, jeki natoa, mwanga natoa, mafuta nusu kidumu natoa. Spea ndiyo siazimi tena, hata uje na mtoto wa shule na sanduku.

Kijana wa Chalinze

"Ama umeiweka Mtito" 😂 Shemeji yetu huyo mkali.

Mimi Vitz yangu ina nati nne, wenye Noah mtanisamehe mapema.

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Miye niko Omani. Huku safari kubwa ni Maskati kwenda Salala, jangwa tupu zaidi ya kilomita 900, na msimu wa kharifu watu wanamiminika kwenda kufuata mvua na ukungu. Joto linapasua matairi.

Mimi na shemeji yangu, tumeshapita Haima, tukaona gari ndogo imetoka nje ya lami, imezama mchangani mpaka karibu na ekseli. Tairi lilipasuka, dereva akayumba. Alhamdulillahi hakupinduka. Mtu na wazee wake wawili. Jambo la mwanzo hatukugusa gari. Tuliwaingiza wazee kwenye gari letu lenye kipoza hewa, tukawapa maji na tende. Mzee kwenye jua lile hangoji ufundi wako.

Yule kijana kila akikanyaga mafuta anazidi kuzama, magurudumu yanajichimbia kaburi. Shemeji akamwambia zima. Tukafukua mchanga kwa mikono na kwa sinia ya chakula mbele ya kila gurudumu, tukaweka spea, kisha tukapunguza upepo wa matairi yote mpaka yakalala kidogo. Tairi lililolala linapanua mguu wake, halichimbi. Akaingiza gia ya pili, akaachia klachi polepole, siye tunasukuma. Ikatoka. Tukamtia upepo kwa pampu yetu ya kuchomeka, kwani kwenye lami na matairi laini hafiki mbali, yatapasuka mengine.

Huku ada ni kusimama. Ukikaa pembeni dakika chache utaona gari la mtu linapunguza mwendo, atakuuliza kwa mkono tu, dole gumba juu, "uko salama?" Ukimjibu salama, anakwenda. Na polisi ni 9999.

Mama Pacha

Hiyo ya kuuliza kwa mkono nimeipenda. Inawezekana hata kwa sisi tusioshuka.

Utingo Mstaafu

Kabla uzi haujapotea: mkimaliza kumsaidia mtu, TOENI MATAWI NA MAWE barabarani. Watu wanaweka jiwe nyuma ya tairi, gari likiwaka wanaondoka kwa furaha, jiwe linabaki kwenye lami. Rafiki yangu wa bodaboda alivunjika mguu kwa jiwe la hivyo Makambako. Lililobaki pale si gari bovu, ni jiwe la mtu aliyeshasaidiwa.

Kijana wa Chalinze

Msafiri wa Kusini, mkuu, swali: hiyo klipu ya hozi nikitaka kuweka akiba kwenye boksi la vifaa, nichukue saizi gani?

Msafiri wa Kusini

Usichukue zile za kubana kwa koleo. Chukua za kukaza kwa bisibisi, moja kubwa kidogo kuliko hozi yako ya rejeta na moja ndogo ya hozi ya hita. Weka na bisibisi yenyewe humohumo, maana ndiyo huwa haipo.