Je, ilikuwa sahihi kumwalika Trump kwenye mkutano wa Libertarian?

Ndugu wanamjadala, msimamo wangu ni kwamba uongozi wa chama cha Libertarian cha Marekani, chama kidogo kinachotetea uhuru wa mtu binafsi na serikali ndogo, ulikosea ulipompa Donald Trump jukwaa katika mkutano mkuu wa Mei 2024 mjini Washington, mkutano ambao wajumbe waliufuata hasa kwa ajili ya kumteua mgombea urais wao wenyewe.

Wanaoutetea mwaliko ule husema kwamba Trump aliahidi pale pale kumtoa gerezani Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko haramu la mtandaoni la Silk Road aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha, na kwamba Januari 2025 alimsamehe kweli. Hoja hiyo ina uzito na siibezi, kwa kuwa mtu amerudi kwao. Hata hivyo, chama kinachosimamisha wagombea hakiwezi kujigeuza kuwa mpeleka maombi kwa mpinzani wake.

Tuangalie yaliyotokea ukumbini. Trump aliwaomba wajumbe wamteue, au angalau wampigie kura, na walipomzomea akawasimanga kwamba kama hawataki kushinda waendelee kupata asilimia 3 yao kila baada ya miaka minne. Maneno hayo ya mgeni ndiyo yaliyosambaa. Kesho yake wajumbe walipiga kura kwa duru saba, na katika duru ya mwisho Chase Oliver alibaki akishindana na chaguo la “Hakuna Kati ya Hawa”, ambalo chama hicho huliweka kwenye karatasi ya kura ili mjumbe asilazimike kumkubali asiyemtaka. Alipita kwa takriban asilimia 60. Utaratibu huo nauheshimu sana, na inaniuma kwamba wachache mno waliusikia.

Novemba Oliver alipata kura zipatazo 650,000, ilhali Gary Johnson, mgombea wa chama hicho hicho, alikuwa amepata karibu milioni 4.5 mwaka 2016. Sidai kwamba hotuba moja ndiyo iliyozipoteza, maana kura zilikuwa zimeanza kushuka tangu 2020. Lakini nidhamu ikishalegea juu, chini nako hulegea: wiki chache baada ya mkutano, viongozi wa chama jimboni Colorado, kilikoasisiwa mwaka 1971, walitangaza kumsimamisha Robert F. Kennedy Jr., aliyekuwa mgombea huru wa urais, badala ya mteule wa wajumbe. Anayeutetea mwaliko ule anieleze: mjumbe aliyejilipia nauli na kupiga kura duru zote saba aliambiwa nini siku hiyo?