Ushauri: nimlaze mama Mambo Msiige kwa pointi za Hyatt, au nilipe fedha taslimu?

Mkaguzi_wa_Safari

Habari za jioni, wanajukwaa, na shikamooni wakubwa. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo nimelizungusha kichwani kwa wiki mbili bila kufikia uamuzi.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, nakaa Dar es Salaam, na kwa miaka minne sasa kazi imekuwa ikinipeleka Dubai na Addis Ababa, ambako mwajiri hulipia malazi yangu katika hoteli za Hyatt. Nilijiunga na uanachama wao bila kutilia maanani, nikawa nataja namba yangu mapokezi kila nifikapo, na juzi nilipofungua programu kwenye simu nilikuta pointi 46,000 na ushei, ambazo naweza kuzitumia kulipia usiku wa hotelini badala ya fedha.

Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi wa Februari. Alizaliwa Malindi, Unguja, na kabla ya kuolewa na kuhamia bara alikuwa mpiga chapa katika ofisi za Serikali zilizokuwa ndani ya jumba la Mambo Msiige, pale Shangani. Jumba hilo, kama wengi mnavyojua, tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Kila tunapokwenda Unguja hunipitisha pale nje, husimama, hutazama madirisha ya juu, kisha husema twende zetu. Hajawahi kuingia tangu aache kazi. Nataka safari hii aingie kwa mlango wa mbele akiwa mgeni, alale, na aamke asubuhi akiitazama bahari ileile aliyokuwa akiiona akiwa nyuma ya taipureta.

Ninalouliza ni hili: je, pointi zitatuweka ndani ya jumba lenyewe la zamani, au zitatupa chumba chochote tu? Je, ni matumizi ya busara, au afadhali nilipe fedha nikazitunza pointi kwa safari nyingine? Na pia mama ana magoti mabovu, ngazi ndefu zinamtesa.

Hesabu_Kwanza

Dada Mkaguzi, swali lako la pili ndilo jepesi, kwa hiyo naanza nalo. Usijiulize pointi zako ni nyingi au chache. Jiulize kila pointi inakuokolea kiasi gani. Chukua bei ya chumba kwa tarehe zako pamoja na kodi zote, uigawe kwa idadi ya pointi zinazohitajika kwa usiku huohuo. Kwa mfano tu, chumba kikiwa dola 300 na pointi zikiwa 15,000, kila pointi imekupa senti 2. Kikiwa dola 150 kwa pointi zilezile, imekupa senti 1, na hapo ningelipa fedha.

Kuna jambo moja ambalo maandishi mengi ya mtandaoni hayalitaji kwa sababu waandishi wake si watu wa huku. Hoteli nyingi za Zanzibar na bara zina bei ya wakaazi, iliyo chini sana kuliko bei ya dola anayoonyeshwa mgeni. Piga simu uulize kama wanayo kwa tarehe hizo, kisha ufanye hesabu yako kwa bei hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo wewe na Bi Mkubwa mngelipa kweli. Nimeona watu wakijisifu kwamba wameokoa dola mia nne kwa usiku mmoja, ilhali wangeonyesha kitambulisho cha Mtanzania wangelipa nusu yake.

Uulize vilevile kifungua kinywa. Usiku wa pointi hulipia chumba. Chakula ni jambo jingine kabisa isipokuwa kama daraja lako la uanachama ni la juu kabisa. Hyatt hawatozi ada ya huduma za hoteli kwa usiku wa pointi, lakini tozo za Serikali kwa kila mtu kwa kila usiku zinaweza kudaiwa pale mapokezi, kwa hiyo usiende mfuko mtupu ukidhani kila kitu kimelipwa.

Mtanzania_Ohio

Naongezea kwa ufupi. Hyatt huruhusu wanachama wawili kuunganisha pointi bila malipo, ingawa akaunti ikishahusika katika muunganisho husubiri siku 30 kabla ya kufanya tena. Kama una ndugu aliye hapa Marekani mwenye kadi za benki ya Chase, zipo kadi zao zinazohamisha pointi kwenda Hyatt, naye akishazipata anaweza kukuunganishia. Msitegemee njia hiyo dakika za mwisho; anzeni mapema.

Fundi_Chokaa

Bibie, mimi nimefanya kazi ya kukarabati nyumba za Mji Mkongwe kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu la kwanza na la mwisho, hayo ya hesabu nawaachia wenyewe.

Hoteli hiyo ina majengo mawili yaliyounganishwa. Mambo Msiige ndilo jumba la kale, lililojengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Bushir al-Harthi. Pembeni yake pako jengo jipya wanaloliita Zamani, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu Zamani ndilo la sasa. Vyumba vingi vya hoteli vimo katika jengo hilo jipya. Pointi, kwa kawaida, hufungua chumba cha daraja la chini kinachoitwa cha kawaida, na mgeni anayeweka nafasi bila kuuliza ana uwezekano mkubwa wa kulala upande huo mpya. Ni upande mzuri, sina neno nao, ila siyo uliokusudia. Kwa hiyo andika barua pepe hotelini kabla ya kukata pointi, na uulize kwa maneno yasiyo na utata: chumba hiki kiko katika jengo lipi, na kama kiko Zamani, ni kiasi gani cha pointi au fedha kitatuvusha kwenda Mambo Msiige? Jibu liwe kwa maandishi, si la simu.

Sasa kuhusu magoti. Nyumba kuu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haiongezwi, na ndiyo sababu vyumba vyetu vya kale ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ni upana wa boriti. Ngazi nazo zilibanwa humo humo. Ukipanda ngazi ya nyumba ya kale utaona kipandio kiko juu kupita kawaida na pa kukanyaga ni padogo, mtu huweka mguu upande. Halafu kila mlango una kizingiti cha kuvuka. Hoteli yoyote iliyo ndani ya nyumba ya namna hiyo, hata ikiwa na lifti, bado ina mahali ambapo lifti haifiki. Omba chumba cha chini au kilicho karibu na lifti, na umuulize mtu wa mapokezi idadi kamili ya vipandio kutoka mlango wa nje hadi kitandani. Usikubali jibu la "vichache tu".

Nikitoka nje ya swali kidogo, mwambie Bi Mkubwa kwamba kabla ya hizo ofisi zake nyumba ile ilipata kuwa makao ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana, kisha ubalozi mdogo wa Uingereza. Wazee husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai, na kwamba jina lenyewe ni kijembe cha mwenye nyumba kwa majirani zake: haya ni mambo yangu, ninyi msiyaige. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 jumba lilikuwa bado mikononi mwa Serikali, na mradi wa hoteli ulipokuja ulizua maneno mengi, hata Kamati ya Urithi wa Dunia ikaonyesha wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo jipya pale ufukweni. Nina maoni yangu juu ya hilo, lakini siyo uliyouliza.

Umm_Nasra_Muscat

Nakubaliana na Fundi, na nitakusimulia yaliyonifika ili usirudie kosa langu. Mwaka juzi nilitaka kumlaza baba mkwe katika hoteli kongwe ya nchi nyingine, ambayo sitaitaja, kwa pointi nilizozikusanya kwa jasho. Kwanza, akaunti yangu ilikuwa na jina la nyumbani kwetu na pasipoti ina jina la mume wangu, nikawekwa mapokezi nusu saa nikieleza ukoo wangu. Pili, walinizuilia amana kwenye kadi ya benki, na kwa kuwa ilikuwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, fedha zile zilikaa zaidi ya wiki ndipo zikarudi, nami niko safarini nahesabu sarafu. Tatu, chumba kilikuwa kwenye jengo la nyuma linalotazama jiko. Baba mkwe alisema ni pazuri, kwa sababu ni mstaarabu.

Sahihisha jina leo, si siku ya safari. Na kama huna kadi ya mkopo, uliza kama wanapokea amana ya fedha taslimu.

Kaka_wa_Upanga

Samahani nikiharibu sherehe. Pointi hizo zimetokana na fedha za mwajiri. Umehakikisha ni zako?

Mkaguzi_wa_Safari

Ahsanteni sana. Kaka wa Upanga, hujaharibu kitu. Mkaguzi asipoulizwa swali hilo, ataulizwa nani? Nilisoma kanuni zetu za safari kabla ya kufungua uzi huu. Zinasema manufaa ya uanachama hubaki kwa msafiri, ilimradi hakuchagua hoteli ya bei kubwa kwa ajili yake, na hoteli zangu zote zilichaguliwa na ofisi. Nimemwandikia hata hivyo meneja wangu ili iwepo kwenye faili.

Nimefuata pia ushauri wa barua pepe. Hoteli wamenijibu siku ya pili, kwa adabu na bila kunizungusha. Chumba cha kawaida cha pointi kwa tarehe nilizotaka kiko upande wa Zamani. Wameandika ombi langu la jumba la kale, lakini hawawezi kuahidi kabla ya siku yenyewe, isipokuwa nikichukua chumba cha daraja la juu. Wiki niliyoitaka inaangukia tamasha la Sauti za Busara, na vyumba vya pointi vilikuwa vinakaribia kwisha.

Hesabu_Kwanza

Hapo umekwishajijibu kuhusu tarehe. Siku ya kuzaliwa haimjali mtu atakayelala wiki mbili baadaye. Hyatt hupanga usiku kwa viwango, kuanzia wa msimu mdogo hadi wa msimu mkubwa, na pointi hupanda au kushuka kwa kufuata hivyo. Sogea mbele kidogo, tamasha lipite, na mji utapumua. Usisogee hadi masika, kwa sababu mvua ya Aprili itamfungia Bi Mkubwa chumbani, na tena bei ya fedha huwa chini kiasi kwamba pointi zako hazitakuwa na thamani.

Fikiria pia njia ya kuchanganya, ambapo unatoa nusu ya pointi na nusu ya bei ya fedha. Kwa usiku mmoja haina faida kubwa, lakini inaweza kukuachia pointi za kutosha kupandia daraja la chumba. Na chakula cha jioni kiandikishe kwenye chumba, usilipe mezani. Utarudishiwa pointi tano kwa kila dola.

Fundi_Chokaa

Na kama wakikunyima jumba la kale usiku wa kwanza, usisononeke. Mgeni wa hoteli hazuiwi kutembea humo. Omba mtu mmoja awapitishe asubuhi, wageni wakiwa bado mezani. Jioni mshuke Forodhani mkawatazame vijana wa makachu wanavyojirusha baharini. Ni mwendo mfupi, na pale pana pa kukaa.

Mkaguzi_wa_Safari

Nimeamua. Tunakwenda mwanzoni mwa Machi, usiku mbili. Wa kwanza ni wa pointi, katika chumba cha kawaida upande wa Zamani, ghorofa ya chini, karibu na lifti. Vipandio ni vinne kutoka mlangoni, nimeuliza mara mbili. Wa pili nimelipa fedha, chumba cha Mambo Msiige. Bei ya wakaazi ilikuwepo, na nilipoigawa kama mlivyonielekeza niliona kwamba kuchoma pointi kwa chumba hicho kungekuwa hasara. Pointi zilizobaki nazitunza. Sasa najua kwamba zikikaa miezi 24 bila kuguswa hufutwa, kwa hiyo safari ya Addis ya Juni itaziamsha.

Jana nilimwambia mama. Bei hakuiuliza. Aliniuliza kama wamekarabati ngazi ya ndani, ile inayotoka uani, kwa sababu kipandio chake cha tatu kilikuwa na ufa na wao wasichana wa taipureta walikuwa wakiuruka kila asubuhi wakiwa na viatu vya kisigino. Nilimwambia sijui. Akasema atautazama mwenyewe.