Nyimbo za baba na nyimbo zangu: nianzie wapi?

Binti wa Umoja

Habari zenu, wapenzi wa muziki. Naishi Umoja, Nairobi, na baba yangu, ambaye alikuwa kondakta wa mabasi ya kwenda magharibi mwa nchi kwa zaidi ya miaka 20 na sasa amestaafu. Tangu Januari tumejiwekea desturi ya Jumapili: baada ya chakula cha mchana yeye huchagua wimbo mmoja, nami huchagua mmoja, na kila mtu husikiliza wimbo wa mwenzake mpaka mwisho pasipo kutia neno. Naipenda saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote ya juma, na ndiyo sababu naomba msaada wenu katika mambo mawili.

La kwanza ni hili. Chini ya kitanda chake kuna katoni ya sabuni yenye santuri ndogo zipatazo 40, nyingi zikiwa za Les Wanyika, Super Mazembe na Shirati Jazz, lakini gramafoni iliharibika zamani, kwa hiyo mimi hutafuta nyimbo hizo kwenye simu. Mara mbili sasa, wimbo ulipokuwa ukiisha, baba aliinua kidole na kusema, "Ngoja, bado." Akabaki vivyo hivyo, kidole juu, chumba kikiwa kimya, kisha akakishusha na kusema kwamba wimbo umekatwa. Nilidhani kumbukumbu yake imeanza kumchezea. Hata hivyo wiki iliyopita niliitoa santuri yenyewe ya mojawapo ya nyimbo hizo. Karatasi ya katikati imeliwa na unyevu na jina la bendi halisomeki, ila upande wa pili yamesalia maneno "Sehemu ya 2". Je, sehemu hiyo ya pili ni nini, na kwa nini siipati?

La pili linahusu nyimbo zangu. Nilizaliwa mwaka wa 1996 na nimekua na muziki wa kufokafoka na wa bendi za vijana wa hapa mjini. Nikimchezea baba, husema ni nzuri, lakini vidole vyake, ambavyo haviwezi kutulia mezani Les Wanyika wanapopiga, hukaa kimya kabisa, nami hujua kwamba wimbo haujamfika. Ningependa pia masikio yangu mwenyewe yavuke bendi zile tatu. Nifuate njia gani?

Mzee wa Kaloleni

Binti yangu, baba yako hajasahau chochote. Wimbo umekatwa kweli.

Santuri hizo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilibeba dakika nne au tano tu kwa kila upande, ilhali bendi ikiwa ukumbini iliweza kupiga wimbo mmoja kwa dakika 10 na zaidi bila mchezaji hata mmoja kuketi. Studio ziliugawa wimbo mara mbili. Upande wa kwanza ulichukua maneno, yaani kisa chenyewe, nani amemkosea nani na nani anaombwa msamaha. Upande wa pili ukaachiwa magitaa, waimbaji wakirudi mara moja moja tu kuitikia. Wakongo huiita sehemu hiyo sebene. Katika sherehe za hapa mtaani palikuwa na kijana aliyekabidhiwa kazi ya kusimama kando ya gramafoni na kuigeuza santuri kabla wachezaji hawajaachiana mikono, na kwa miaka kadhaa kijana huyo nilikuwa mimi. Nilijifunza kuiinua sindano kwa mkono wa kushoto, kuipindua santuri kwa wa kulia na kuishusha sindano tena, yote kwa kitambo cha pumzi tatu.

Wengi wanaozihamishia nyimbo hizo kwenye intaneti huchukua upande wa kwanza pekee, kwa kuwa ndio wenye maneno. Hasara yake ni kubwa, hasa kwa benga, yaani muziki wa magitaa ulioanzia kwa Waluo. Gitaa la solo la benga lilijifunza kutembea kwa kuiga nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, na ni katika ule upande wa pili, mwimbaji anaponyamaza, ambapo gitaa hilo hupewa nafasi ya kusema kila lililokuja nalo. Mtu aliyesikia nusu ya kwanza ya D. O. Misiani na Shirati Jazz amesikia salamu tu, mazungumzo hajayasikia.

Kwa hiyo usitafute tena kwenye simu kabla hujazisikiliza santuri zenyewe. Katika Soko la Kenyatta kuna kibanda cha santuri za zamani, na huko utaonyeshwa gramafoni zinazofanya kazi. Zioshe kwanza: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifereji bila kuikata, na karatasi ya katikati isilowe. Usizilaze moja juu ya nyingine, bali zisimamishe kama vitabu. Angalia pia sindano, kwa maana sindano iliyochakaa hula mifereji, na mfereji ulioliwa haurudi. Ukikuta santuri ina tundu kubwa katikati, omba kile kipande cha plastiki cha kulijazia.

Mpiga Besi wa Dagoretti

Dada, Mzee amelimaliza swali la kwanza, nami nitajaribu la pili. Watu wengi wanapotaka kuujua muziki wa zamani hufuata miaka: leo miaka ya 60, kesho ya 70. Njia hiyo huchosha upesi. Fuata wapigaji. Mpigaji akihama bendi, mikono yake huhama naye, na sikio lako likishaijua mikono hiyo litakupeleka mahali ambapo orodha yoyote isingekufikisha.

Chukua hao Les Wanyika wa baba yako. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Kinyonga, walipiga kwanza na Jamhuri Jazz ya huko kwao, wakapitia Arusha, kisha wakafika Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka wa 1971. Mwaka wa 1978 baadhi ya nguzo za bendi hiyo zilijitoa: Omar Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Walipoungana na John Ngereza wakawa Les Wanyika, na wimbo wa "Sina Makosa" ukawapa jina Afrika Mashariki nzima. Sasa usikilize wimbo huo mara tatu. Mara ya kwanza fuata solo peke yake, mara ya pili rithimu, mara ya tatu besi. Utagundua kwamba hakuna gitaa linalomkanyaga mwenzake. Kila moja limeacha nafasi, na besi ya Malanga hunyamaza pale ambapo mpigaji mwingine angeongeza noti. Mimi nimeipiga kwa miaka 11 na bado ule ukimya wake unanifundisha.

Kutoka hapo unaweza kurudi nyuma hadi Simba Wanyika na Jamhuri Jazz, au kuvuka mpaka ukamsikilize Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka wa 1979, kisha bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam. Super Mazembe nao watakufungulia mlango wa wanamuziki wa Kongo waliohamia mji huu. Mtafute Samba Mapangala na Orchestra Virunga, wimbo "Malako", kisha umalizie kwa Franco wa Kongo na "Mario" wa mwaka wa 1985, ila utenge muda, kwa sababu wimbo huo hauharakishwi.

Na kwa kuwa baba alikuwa akifanya safari za magharibi, mchezee George Mukabi. Alipiga gitaa kavu kwa vidole, kwa mtindo wa omutibo, huku mwenzake akigonga chupa ya soda kuweka mapigo. Baada yake mchezee Daudi Kabaka na John Nzenze, vijana walioichukua mirindimo hiyo na kuigeuza twisti mwanzoni mwa miaka ya 60. Wimbo wa Kabaka "Helule Helule" ulivuka bahari, na mwaka wa 1968 ukaimbwa na bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes. Zisikilizeni zote mbili kwa mfuatano, kisha umuulize baba ni nini kilichopotea njiani.

Mwana wa Pwani, South B

Ninakubaliana na kaka wa Dagoretti kuhusu kufuata mikono, lakini sidhani kila msikilizaji huongozwa na gitaa. Mimi nililelewa Mombasa, katika nyumba ambamo ala ya udi ya Zein l'Abdin na sauti ya Juma Bhalo, waimbaji wa taarabu, vilisikika kila Ijumaa alasiri, na kwetu sisi wimbo ulikuwa shairi kwanza. Mama yangu alikuwa akiupunguza muziki ili asikie vina. Bhalo alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, na wazee walibishana usiku kucha juu ya fumbo la ubeti mmoja, nani amepigwa kijembe na kwa kosa gani, bila mtu kuuliza mahadhi yametoka wapi. Kwa hiyo, dada, kabla ya kumchagulia baba nyimbo, mwulize anapousikiliza wimbo huwa anashika nini. Jibu lake litakuokolea miezi.

Iwapo atasema maneno, una hazina kubwa. Mwanzie Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Msogeze kwa Zuhura Swaleh, ambaye katika muziki wake utaisikia taishokoto, ala ya Kijapani iliyofanywa mwenyeji Mombasa. Kisha, na hapa ndipo nyimbo zako zinapoingia, mchezee kundi la Kalamashaka wa Dandora, "Tafsiri Hii". Usimwambie kwamba ni muziki wa vijana. Mwambie ni shairi, asikilize vina vinavyoangukia wapi. Watu waliozoea kupima mizani katika taarabu hawapati shida kubwa kuusikia ustadi wa vijana wale, maana walifoka kwa Kiswahili kilichobeba maisha ya mtaa mzima.

Fundi wa Sauti, Ngara

Nyongeza mbili fupi. Ukishapata gramafoni, unganisha waya kutoka kwenye tundu lake la sauti hadi kwenye kompyuta, urekodi pande zote mbili, kisha uziunge kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Mahali pa kuungia mwachie baba achague, kwa sababu anaujua wimbo ulivyokuwa ukipigwa ukumbini. Usizisafishe kupita kiasi pia. Programu hizo zikikazwa sana huondoa mkwaruzo pamoja na mlio wa matoazi.

Pili, kuna daraja la vizazi ambalo halijatajwa. Joseph Kamaru, gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka wa 2018, ana mjukuu mwenye jina lilo hilo, anayejulikana kama KMRU. Mjukuu hutengeneza muziki wa sauti tupu: mvua, mashine, mwangwi, bila mwimbaji. Ni yeye pia aliyeanza kuzitoa upya kanda za babu yake. Vilevile msimsahau Ayub Ogada, aliyeichukua nyatiti ile ile aliyoitaja Mzee na kuipiga polepole, karibu kwa kunong'ona, katika albamu ya "En Mana Kuoyo" ya mwaka wa 1993.

Binti wa Umoja

Narudi kuwapa habari, na nawashukuru kwa moyo wote. Jumamosi tulikwenda Soko la Kenyatta, baba akiwa amevaa koti lake la safari, na tukarudi na gramafoni ndogo iliyokwishatumika. Niliziosha santuri sita jinsi Mzee alivyoagiza. Ya kwanza kuwekwa ilikuwa ile isiyo na jina. Mwimbaji alieleza kisa chake, magitaa yakaanza kupanda, kisha sauti ikafifia na sindano ikafika kwenye mfereji mtupu wa mwisho. Baba akainua kidole. "Ngoja, bado." Nikaipindua santuri, si kwa pumzi tatu bali labda kwa kumi, na gitaa la solo likaingia kana kwamba lilikuwa limesimama nyuma ya mlango likisubiri. Kidole kilibaki juu kwa muda, kisha kikashuka mezani na kuanza kugonga pamoja na vingine. Sikujua kwamba wimbo huo ulikuwa na furaha kiasi hicho. Kwa miezi yote hii nilidhani ni wimbo wa huzuni.

Nilimwuliza swali la ndugu yetu wa South B. Alifikiri kwa muda mrefu, akajibu kwamba yeye hushika rithimu, kwa sababu ndani ya basi usiku maneno yalimezwa na injini na rithimu pekee ndiyo iliyomfikia alipokuwa amesimama mlangoni. Miaka yote hii sikuwahi kulijua hilo. Zamu yangu ilipofika nilimchezea Ayub Ogada, na vidole vyake vikatembea taratibu tangu mwanzo hadi mwisho. Kalamashaka hawakumfika kwa namna hiyo, lakini alinitaka nirudie ubeti mmoja mara mbili, akauliza maana ya neno moja, nami nikamweleza. KMRU tumemwacha kwanza.

Nitairekodi santuri ile isiyo na jina na kuileta hapa, huenda Mzee au mwingine akawatambua wapigaji. Kwa sasa baba ameosha nyingine nne mwenyewe, na zimesimama kwenye rafu ya vyombo kati ya sahani za chai, zikikauka kwa ajili ya Jumapili.